Kungumanga Mbili

Haikuwa uganga, wala sikuwa natafuta neno.
Nilikuwa na jino.
Zuwena akasema kungumanga hutuliza,
nikazikuna mbili kwenye uji, nikanywa wote,
maana mimi nikipewa kijiko humaliza chungu.

Adhuhuri, hakuna kitu. Alasiri, hakuna kitu.
Nikamwita Zuwena mwongo, nikashika sindano.
Magharibi ulimi ukawa sufi
na saa ya ukutani ikagonga mara moja
kisha ikasahau.

Nimezaliwa nyumba hii ya Mkomani.
Zidaka za ndani nimezipangusa vumbi
tangu mkono wangu haujafika safu ya pili.
Ungeniuliza zina nakshi gani
ningesema: ya chokaa.
Usiku ule zilikuwa zikipumua.
Sipigi mfano. Zilikuwa zikipumua,
safu kwa safu, kama mbavu za mtu aliyelala,
na lile jani la ukingoni, la fundi asiye jina,
lilikuwa bado linachongwa.
Nikaona kisu kinavyoinuka.
Nikaona alipochoka, alipokohoa,
alipoitwa kula, akaharakisha kona.
Haraka ile imekaa pale ukutani
tangu kabla ya bibi wa bibi yangu,
na mimi naipita na kitambaa.

Nililia. Kisha nikatapika kwenye ndoo.
Nisiposema na hilo nitakuwa nimewadanganya.

Nikaichukua kofia ya Bwana Bunu,
ya harusi ya mwanawe, iliyobaki robo,
nikashona hadi adhana ya alfajiri.
Kila tundu lilinitazama, likaniambia njoo.
Uzi ulijua njia. Mimi nilikuwa abiria tu.
Nikasema, wallahi, kofia hii
ikivaliwa itamfikiri mwenye kichwa.

Asubuhi nilikuwa nimeishona kofia
kwenye pindo la leso yangu.
Uzi umefumbana kama nywele za mgonjwa,
maua yamepandana kama kuku tenga moja.
Zuwena alicheka hata akakaa chini.
Siku mbili macho mekundu, kichwa kizito,
na jino, jino liko palepale.

Lakini siku ya tatu, uji mtupu tumboni,
nilikwenda kwenye kidaka na taa ya mkono
kuitafuta ile kona.
Ipo.
Au kuna kona nyembamba, na mimi nimeipa njaa na kikohozi.
Sijui kama kungumanga ilinionyesha
au ilinitungia.
Nimeuliza vidole, navyo havijui.

Ninachojua ni kidogo.
Kofia yetu hutobolewa kwanza;
uzi huja baadaye, kulizunguka tundu lisizibe.
Miaka thelathini nikijiita mshona maua,
kumbe nalinda matundu.
Hewa ndiyo nakshi. Mimi ni bawabu wake.

Nikaanza kofia nyingine, chai ya tangawizi tu.
Nyuma, juu ya kisogo, Zuwena aliniita kula.
Zamani ningemaliza kwanza, au ningefumua.
Safari hii nikaharakisha, nikaenda, nikaacha vile.

Bwana Bunu aliigeuza, aliigeuza,
kidole gumba kikasimama palepale.
"Hapa pana nini?"
"Hapo niliitwa kula."
Akapunguza shilingi mia mbili.
Siku ya harusi nikachungulia dirishani:
mwanawe ameivaa kisogo mbele.

Sasa Famau, mtoto wa dada yangu,
anayewachorea wageni picha za punda pale Langoni,
amekuja na sauti ya chini:
"Shangazi, ni ngapi? Mbili? Tatu?
Mkono wangu umelala."
Nikamwambia jino likiuma, nenda hospitali.
Nikampa kitambaa.
Akapangusa safu mbili za zidaka,
akasema, haoni kitu.
Nikamwambia, hata mimi.
Miaka arobaini.
Endelea.